Koti la Sentimita Sita

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumanne, mtunza stoo wa hospitali kubwa alilisukuma daftari juu ya kaunta kwa kidole kimoja, likateleza mpaka ukingoni na kusimama nusu ndani, nusu nje. Lilikuwa daftari la kurasa mia mbili, la jalada gumu, pembe zake zimejikunja. Ndani mlikuwa na vipimo vya wafanyakazi mia sita na kumi na wawili, kuanzia madaktari hadi wafagiaji, wote wakisubiri makoti mapya ya kazi.

Mwenye daftari alilidaka kabla halijaanguka. Alikuwa mshonaji wa miaka arobaini na minane, na mtaani kwake hata watoto wadogo walimwita Fundi.

Mtunza stoo hakupandisha sauti. Alisema orodha inatakiwa kwenye kompyuta, iletwe kwa flashi. Kila mtu awe na mstari wake, na mwisho wa kila mstari kiandikwe kiasi cha kitambaa anachohitaji. Mstari mtupu usiwepo hata mmoja, kwa sababu programu ya stoo ikikutana na mstari mtupu huchukulia kwamba orodha imekwisha, na waliobaki chini yake hawapati kitu. Mwisho ni Alhamisi saa nne asubuhi. Ikipita hapo kazi itakwenda kiwandani, ambako kuna saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa.

"Mara iliyopita nilileta daftari kama hili," Fundi alisema.

"Mara iliyopita mwenzangu huyu hakuwepo." Akaigonga kompyuta begani, kama mtu anayemtambulisha mfanyakazi mgeni.

Nyuma ya Fundi kulikuwa na foleni ya watu watano. Mmoja wao, muuza sabuni aliyebeba sampuli zake kwenye katoni, aliuliza kama mama huyo amekuja na kibao na chaki pia. Wenzake wakacheka. Fundi hakugeuka. Alikuwa bado na jambo moja: mara iliyopita, miaka kumi nyuma, mtunza stoo aliyekuwepo kabla ya huyu alimwongezea mita moja ya kitambaa juu ya hesabu, bila maandishi, kwa sababu kuna makoti ambayo hayakatiki kama mengine. Akaomba mita hiyo.

"Kitambaa kinatoka kwa jumla ya orodha," mtunza stoo alisema. "Kilicho nje ya orodha, Mama, mimi sikioni."

Alisema hayo akiwa amesimama upandeupande, ubavu wa kushoto ameuficha nyuma ya kabati la mafaili. Fundi aliona, kwa kuwa jicho la mshonaji halina likizo, kwamba koti la zamani la mtunza stoo lilishuka kushoto vidole vinne zaidi ya kulia. Wiki tatu zilizopita alikuwa amempima yeye mwenyewe. Alilifunga daftari kwenye khanga, akaaga, akapita mbele ya muuza sabuni.

⁂

Sebule ya Fundi ilikuwa ndiyo karakana. Cherehani nne, za Fundi na wasaidizi wake, zilikaa ukutani, meza ya kukatia katikati, na kochi lilikuwa limesukumwa karibu na mlango wa jikoni. Juu ya kochi hilo, tangu mwezi wa tatu, alikaa mumewe. Alikuwa ameendesha lori miaka thelathini, na kampuni ilipouza malori yake ikamwachia cheti cha utumishi mwema na jina ambalo watu hawakuona haja ya kulibadilisha: Dereva. Asubuhi alifua, mchana alipika, na katikati yake alicheza karata kwenye kompyuta kuukuu ambayo binti yao aliiacha alipopata kazi mji mwingine.

Fundi alimweleza sharti la stoo akiwa bado amesimama.

"Wewe si unakaa na hiyo kompyuta kutwa?"

"Nacheza karata."

"Basi kuanzia sasa cheza makoti."

Dereva alianza saa tano. Aliandika kwa vidole viwili, na kwa nidhamu aliyoitoa barabarani: kilichoandikwa kwenye hati ndicho kinachopakiwa, hakiongezwi, hakipunguzwi. Jina, namba ya kazi, urefu wa koti, urefu wa mkono. Kwenye daftari la mkewe kulikuwa na mistari mitupu hapa na pale, bila mpango anaouelewa. Yeye aliiacha mitupu vilevile. Alidhani mkewe huiweka ili macho yapumzike, kama sehemu za kuegesha magari kwenye barabara ndefu.

Mama yake Dereva, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikaa kando yake akitengeneza matundu ya vifungo. Kila baada ya muda aliuliza wamefika wapi. Jumanne jioni walikuwa wamefika kwa wauguzi wa zamu ya pili. Jumatano saa sita mchana jina la mwisho liliingia, la mlinzi wa geti la nyuma, na Bibi akasema huyo mlinzi angejua safari iliyomfikisha humo angenunua soda kwa nyumba nzima.

Kilibaki kitambaa. Hesabu yake ilikuwa rahisi, Fundi alikuwa ameiandika kwenye kipande cha karatasi kabla ya kwenda kununua nyuzi: urefu wa koti, jumlisha mkono, jumlisha sentimita sita za pindo na mishono. Dereva alijumlisha kichwani na kuandika jibu. Tisini na nane na hamsini na nane na sita, mia moja sitini na mbili. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Baada ya nusu saa alikuwa amemaliza watu arobaini, na shingo ilikuwa imekaza.

Bibi akauliza wamebaki wangapi. Mia tano sabini na wawili.

"Basi ukifika utaniambia," Bibi alisema, "kama nitakuwepo."

Dereva alimpigia binti yake simu. Binti, aliyekuwa kazini na anaongea kwa sauti ya chini, alimwambia afute yote aliyoandika. Ilichukua dakika mbili kumshawishi. Kisha akamwelekeza: weka alama ya sawasawa, bonyeza kisanduku cha urefu, jumlisha, bonyeza cha mkono, jumlisha sita. Jibu likatoka lenyewe, mia moja sitini na mbili, na Dereva akalitazama kama mtu aliyekuta gari limejiegesha.

Kwenye pembe ya kisanduku, binti akaendelea, kuna kimraba kidogo. Kishike, kivute chini, hesabu itajinakili. Dereva akakishika na kuvuta. Ukurasa ulianza kushuka polepole, halafu ukapata kasi ya lori lililokatika breki kwenye mteremko, na alipofanikiwa kuachia kidole alikuwa mstari wa elfu nne na mia mbili, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala koti. Akafuta, akarudi juu, akavuta tena. Safari hii aliishia elfu mbili. Simu ikatoa kicheko ambacho hakikufaa kusikika ofisini.

"Baba, usivute. Bofya kile kimraba mara mbili tu."

"Mara mbili halafu?"

"Halafu basi. Lakini harakaharaka, kama mtu anayebisha hodi na chakula kimeshatengwa."

Alibofya taratibu, hakikutokea kitu. Alibofya haraka, na safu yote ikajaa. Aliona majibu yakishuka ghafla kama pazia, yakafika mstari wa thelathini na tisa, yakasimama. Chini yake palikuwa na mmoja wa ile mistari mitupu ya mkewe. Binti aliulizwa, akasema ndivyo ilivyo: hesabu hukimbia mpaka inapokuta pengo, ikikuta pengo inadhani imefika. Kisha akaitwa na mkubwa wake na kukata simu.

Dereva akanakili sehemu ya pili. Ikasimama mstari wa sabini na moja. Ya tatu ilisimama baada ya watu kumi na wawili tu. Hapo akakumbuka sharti la stoo. Mstari mtupu hata mmoja. Kumbe pengo lilikuwa linawasumbua watu wawili, yeye na mtunza stoo, na dawa yake ilikuwa moja. Alipitia orodha toka juu hadi chini akifuta mistari mitupu, na kwa kuwa alizoea kuhesabu mizigo, aliihesabu: kumi na saba. Akarudi juu kabisa. Akabofya mara mbili.

Majibu mia sita na kumi na mawili yalishuka kabla hajainua kidole.

"Mama, njoo uone."

Bibi aliweka shati chini. Dereva akafuta safu nzima, akambofyia tena. Bibi akasogeza miwani.

"Hebu irudie."

Akarudia.

"Tena."

Mara ya nne Bibi alitaka kujua kama inajumlisha kweli au inabahatisha. Alichagua mtu mwenyewe, katikati ya orodha, muuguzi wa wodi ya watoto: tisini na moja, hamsini na tano, na sita. Akahesabu kwa vidole na midomo. Mia moja hamsini na mbili. Kompyuta nayo ilikuwa imeandika mia moja hamsini na mbili. Bibi akasema siku zote aliambiwa haraka haina baraka, na mwanawe akamjibu kwamba hii inayo, tena mara mia sita na kumi na mbili. Chini kabisa jumla ilisimama mita mia tisa themanini na moja na sentimita arobaini na nne. Dereva alikwenda dukani kwa mama wa fotokopi, akachapa kurasa kumi na tano, akarudi akipiga mluzi.

⁂

Fundi aliingia saa kumi na nusu na mfuko wa nyuzi. Aliziona karatasi mezani zimepangwa sawasawa, na mumewe amesimama kando yake amevaa shati safi. Alikaa, akazipitia ukurasa mmoja, akasema kwamba hata ofisi ya mkoa haitoi kazi safi namna hii. Dereva alisema ilikuwa kazi ndogo. Bibi akasema si kweli, mwanawe alikuwa karibu kulia.

Karatasi zikapita kwa mkataji, mwanamke mwembamba aliyefanya kazi na Fundi miaka kumi na minne na aliyeitwa Mkasi hata kanisani kwake. Mkasi hakusoma majina. Alipitisha kidole ukingoni, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza.

"Dada," akasema. "Weupe wako wapi?"

Fundi akazichukua karatasi. Alipofika ukurasa wa tano alizilaza mezani kifudifudi.

"Baba watoto, ile mistari iliyokuwa mitupu umeipeleka wapi?"

"Nimeifuta. Ilikuwa inazuia njia."

Cherehani ziliacha kulia, moja baada ya nyingine.

Fundi alieleza, kwa sauti ya kawaida, kitu ambacho katika miaka ishirini na minne ya ndoa hakuwahi kumweleza. Alifundishwa na mwanamke aliyempa cherehani ya kwanza. Ukimpima mtu ukakuta bega moja limeshuka, au mgongo umepinda, au nyonga moja iko juu, huandiki. Unaandika vipimo vyake kama vya wengine, kisha unaruka mstari mmoja, unauacha mweupe. Mkataji akiuona anajua mtu wa juu yake hakatwi kwa kukunja kitambaa mara mbili. Anakatwa kila upande peke yake, na upande ulioshuka unaongezewa ndani ya mshono kipande cha sentimita tano au sita cha kuunyanyua, ili koti likivaliwa lionekane sawa. Wateja wake kumi na saba wa hospitali walikuwa na mstari huo. Hakuna hata mmoja aliyeujua.

Dereva alikaa kwenye kochi. Aliuliza kwa nini hakuambiwa.

"Ulikuwa barabarani. Na mwili wa mtu si habari ya kuwekwa mezani pamoja na chai."

Dereva akasema jambo ni dogo, ataongeza safu moja ya maelezo. Pale kwa mwenye bega ataandika bega, kwa mwenye mgongo, mgongo. Mstari utakuwa umejaa, stoo itaridhika, mkataji ataona. Mkasi alitikisa kichwa. Fundi akamkumbusha kwamba orodha ya makoti hubandikwa mlangoni pa stoo siku ya kugawa, na watu mia sita husimama mbele yake kutafuta majina yao.

"Wewe ungependa usome hapo, Dereva, bega?"

"Mimi bega langu lina nini?"

Bibi aliinamia tundu la kifungo.

"Kiwiko chako kimekaa dirishani miaka thelathini," Fundi alisema. "La kulia limeshuka sentimita tatu."

Dereva alikwenda kwenye kioo cha kujaribia nguo. Alisimama mbele yake na shati lake safi, na mabega ya shati yalikuwa sawa kama rafu. Akafungua vifungo viwili, akalivuta, akatazama ndani ya mshono wa kulia. Kulikuwa na kipande cha ziada, kimeshonwa kwa uzi wa rangi ileile.

"Mashati yote?"

"Yote. Yako sihitaji mstari, nayajua."

Bibi akasema yeye aliligundua zamani, alidhani ni uzito wa kichwa. Wasaidizi walicheka, Mkasi akacheka, na mwisho Dereva mwenyewe, akiwa bado anajitazama kwenye kioo, upande mmoja halafu mwingine.

Lakini saa ilikuwa kumi na moja, na hesabu haikuwa imebadilika. Mistari ikirudi ikiwa mitupu, programu ya stoo itaikata orodha kwa mtu wa thelathini na tisa, na kazi itakwenda kiwandani. Ikirudi na maneno, watu kumi na saba watasomwa mlangoni. Isiporudi, Mkasi anaweza kufuata daftari, lakini zile sentimita za ziada hazitakuwa kwenye jumla, na mtunza stoo alishasema kilicho nje ya orodha hakioni. Fundi alisema wazi kwamba hatakata makoti kumi na saba yaliyopinda. Kama ni hivyo, heri kiwanda.

Dereva alirudi kutoka kwenye kioo, vifungo bado wazi.

"Mizani ya barabarani," akasema. "Tela tupu nalo hupimwa."

Walimwangalia.

Akaeleza. Ukivuta matela mawili, moja lina mzigo, jingine tupu, mtu wa mizani hakuruhusu kuruka lile tupu. Linaandikwa. Namba yake, kisha mahali pa mzigo pananyamaza. Tela tupu lenye namba si pengo, ni tela. Basi orodha ipewe namba mwanzoni, moja, mbili, tatu, kila mstari wake, na mstari mweupe nao upate yake. Hautakuwa na jina wala kipimo, lakini hautakuwa mtupu. Stoo itauona, na mlangoni hautasema lolote.

Fundi akamsogezea daftari.

Dereva aliirudisha mistari kumi na saba, mmoja mmoja, Mkasi akimsomea mahali pake. Namba alizivuta kwa kile kimraba, na mara hii akavuta polepole, kama mtu anayelipandisha lori mizanini, akaachia kwenye mia sita ishirini na tisa barabara. Akaenda juu ya safu ya kitambaa. Bibi alikuwa ameshasimama nyuma yake. Akabofya mara mbili. Hesabu ilishuka hadi chini bila kusimama popote.

"Hiyo ni nini?" Bibi akauliza, kidole kwenye kioo cha kompyuta.

Mbele ya mstari mweupe wa kwanza palikuwa na sita. Mbele ya wa pili, sita. Kompyuta ilichukua urefu usiokuwepo, ikajumlisha mkono usiokuwepo, ikaongeza sita za pindo kama ilivyoagizwa.

"Koti la sentimita sita," Bibi alisema. "Hilo ni la mjusi."

Kicheko kilichukua muda. Mmoja wa wasaidizi alitaka kujua kama mjusi anahitaji mfuko wa kalamu. Dereva, akifuta machozi, alisogeza kidole ili azifute zile sita, na Fundi akamshika mkono.

"Acha."

Alichukua penseli ya chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia. Kumi na saba mara sita. Mia moja na mbili. Mita moja na sentimita mbili. Akapigia mstari chini yake.

⁂

Alhamisi saa tatu na dakika thelathini na tano Fundi alisimama mbele ya kaunta. Foleni ilikuwa nyuma yake, na muuza sabuni alikuwemo, na katoni yake. Mtunza stoo alichomeka flashi, akasubiri, akasoma. Mistari mia sita ishirini na tisa. Hakuna mstari mtupu. Mita mia tisa themanini na mbili na sentimita arobaini na sita.

"Watu ni mia sita na kumi na wawili," alisema.

"Ndiyo."

Alianza kushuka na orodha. Akasimama.

"Nani huyu anavaa koti la sentimita sita?"

Watu wakacheka. Muuza sabuni akasema pengine ni paka wa jikoni, naye ni mtumishi. Fundi alisubiri wanyamaze.

"Hilo si koti, Bwana Stoo. Ni nafasi ya mshono."

"Ya nani?"

"Ya kazi."

"Kwangu kila mstari una mwenyewe, Mama. Siwezi kumpa kitambaa mtu asiye na jina."

Angeweza kumjibu kwa neno moja. Kulikuwa na watu watano nyuma yake, wote wametega masikio.

"Wenyewe ninao," alisema. "Wamo kwenye daftari."

Mtunza stoo akanyoosha mkono. Fundi alilifungua kutoka kwenye khanga, akampa. Mtunza stoo alilifungua mwanzoni, akatafuta jina la kwanza lenye sita chini yake. Mtu wa maabara. Chini ya jina, mstari mweupe, hakuna kilichoandikwa. Akatafuta la pili. Mfagiaji wa wodi ya upasuaji. Mweupe. La tatu lilikuwa la mpishi. Alikuwa amewagawia watu hao makoti ya kiwandani kwa miaka tisa, na amewaona wakiyarudisha, wakiomba jingine, wakiondoka na lilelile. Alifungua kurasa kwa kasi ndogo zaidi. Karibu na mwisho, kwenye wafanyakazi wa stoo, alisimama. Kwenye kompyuta jina lake lilikuwa namba mia sita na moja. Alitazama mia sita na mbili. Akatazama daftari.

Muuza sabuni aliuliza kama mjusi amepatikana.

Mkono wa kulia wa mtunza stoo ulikwenda kwenye bega la kushoto, ukakaa hapo kidogo, ukashuka. Alipoongea alimwangalia Fundi, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote.

"Mita moja na sentimita mbili."

"Ndiyo."

"Nafasi ya mshono."

"Ndiyo."

Akaandika maneno hayo mahali pa maelezo, akabonyeza, na mashine ya kuchapa ikatoa karatasi. Akaipiga muhuri. Kisha akalifunga daftari, akafuta jalada kwa kiganja, akalirudisha kwa mikono miwili. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini na moja. Akamwita anayefuata.

⁂

Makoti yaligawiwa wiki ya tisa baada ya hapo. Orodha ilibandikwa mlangoni, mistari mia sita ishirini na tisa, na waliouliza kuhusu zile sita waliambiwa na mtunza stoo kwamba ni nafasi ya mshono. Hadi saa tisa alasiri makoti mia sita na kumi na moja yalikuwa yametoka, na hakuna lililorudi.

La mwisho alilivaa mwenyewe, mlango umeshafungwa. Mkasi alipiga magoti na futi ya chuma, kama alivyofanya kwa wengine wote, na Fundi akaandika. Mtunza stoo alisimama katikati ya chumba, mbali na kabati la mafaili, uso mbele. Kutoka sakafuni hadi pindo, kushoto, sentimita hamsini na nne. Kulia, hamsini na nne.